Baraza la Mwisho wa Tamthilia: Namna ya Kuliandaa na Kuliendesha Tanga

Tamthilia ndefu ikimalizika, mji mzima huwa na la kusema, na taabu ni kwamba watu husema wote kwa mpigo. Kijiweni mmoja atasema "ovyo", mwingine "kali ile", wa tatu ataanza kusimulia upya kama vile hakuna mwingine aliyeona, na kabla kikombe cha pili cha kahawa hakijaisha maneno yameshahamia kwenye mpira. Hapo hakuna aliyejua kwa nini mwenzake amekasirika. Saa mbili zilizopangwa vizuri hutoa zaidi ya wiki mbili za kubishana njiani, na vifaa vyenyewe si vingi: mkeka, birika, karatasi ya manila na mtu wa kushika saa.

Maelekezo haya yanafaa kwa tamthilia yoyote ndefu ya njozi, zile za majoka, wachawi na viti vya enzi. Mifano imetoka Game of Thrones, iliyomalizika 2019, kwa kuwa mwisho wake uligombanisha watu duniani kote na ugomvi huo unafundisha. Palipo na siri ya hadithi, aya imeanza na neno TAHADHARI. Ambaye hajatazama airuke, atayakuta maelekezo yanaendelea mbele.

Siku na saa

Anza na hesabu ya saa, maana hapa ndipo watu hutoboleana siri za hadithi. Kituo cha Marekani kikirusha saa 3 usiku kwa saa za New York, Tanga huwa saa 10 alfajiri ya siku inayofuata. Hiyo ni kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba. Miezi mingine huwa saa 11, kwa sababu wao hurudisha saa zao nyuma na sisi zetu haziguswi. Majukwaa ya intaneti yanayoachia saa 6 usiku ya California hutufikia saa 4 asubuhi, au saa 5 katika miezi hiyo mingine, na watu wako kazini.

Game of Thrones iliisha Jumapili usiku tarehe 19 Mei 2019 kwa Wamarekani, Jumatatu alfajiri tarehe 20 kwetu, katikati ya Ramadhani. Sehemu ile ina dakika 80 hivi. Kwa hiyo saa ilipoanza kurushwa kule, huku ilikuwa wakati wa daku, na adhana ya alfajiri iliingia kabla mambo hayajaisha. Mwenye king'amuzi au kifurushi cha intaneti hutoka hapo na siri kifuani. Anayengoja kurushiwa kwenye flashi huiona siku mbili tatu baadaye. Anayengoja ile iliyotiwa maneno ya Kiswahili na ma-DJ hungoja zaidi ya hapo. Ni watazamaji wa aina tatu katika mtaa mmoja, na baraza linawahitaji wote.

Weka baraza kati ya siku ya 10 na ya 14 baada ya sehemu ya mwisho kutoka. Siku 7 hazitoshi, aina ya tatu watakuwa bado. Siku 21 ni nyingi, hasira imepoa na majina yameanza kuchanganywa. Jumamosi usiku ndiyo siku rahisi, kuanzia saa 2:15 watu wakiwa wametoka kuswali Isha, kumaliza saa 4:15. Ukiwa ni mwezi wa Ramadhani, sogeza hadi baada ya tarawehe. Uliza kwanza kama mtaani kuna harusi, kwa sababu spika za harusi hazishindani na mtu.

Mwaliko uwe mfupi na uwe na kufuli ndani yake. Mfano:

"Habari za jioni ndugu zangu. Jumamosi saa 2:15 usiku tunakaa barazani kwa Mwalimu, Barabara ya 12, kuzungumzia mwisho wa tamthilia. Uje umeshatazama mpaka sehemu ya mwisho. Jibu kwa neno moja tu: NIMEMALIZA. Maoni yako njoo nayo, usiyaandike hapa."

Sentensi ya mwisho ndiyo kufuli. Kundi la WhatsApp lenye watu 40 ni kuku wengi, na mtama ukimwagwa pale haukusanyiki. Mwenye kundi afunge maandishi ya wengine hadi siku yenyewe ikibidi. Mpangilio huo upo ndani ya programu, unaruhusu wasimamizi peke yao kuandika.

Watu, mahali, birika

Watu 8 hadi 14. Chini ya 8, wawili wenye maneno watalimiliki baraza. Zaidi ya 16, mazungumzo hupasuka yenyewe kuwa makundi matatu na mwendeshaji anabaki anapiga makofi kuomba usikivu. Wakiwa 25, gawa usiku mbili.

Nyumba za Ngamiani zenye baraza mbele zinafaa kuliko ukumbi. Watu wakae duara lisilozidi mita 4 kutoka upande hadi upande. Kipimo ni hiki: weka wawili pande zinazotazamana, wazungumze kwa sauti ya kawaida. Kama mmoja anainama mbele ili asikie, duara ni kubwa. Ufukweni Raskazone panavutia machoni, lakini upepo hubeba maneno, hasa nyakati za kusi, na kila mtu huishia kupaza sauti; mtu akipaza sauti huonekana amekasirika hata kama hajakasirika. Nusu ya ugomvi wa mabaraza ya ufukweni ni upepo tu.

Miezi ya masika, Machi hadi Mei, hakikisha paa la baraza linatosha wote. Dawa ya mbu ya kuchoma iwekwe upande upepo unakotokea, si katikati ya duara. Ikikaa katikati hukohoza watu na mbu wanabaki mgongoni. Taa mbili za chaji ziwe tayari hata kama umeme haujakatika wiki nzima.

Kwa watu 12, chemsha maji lita 2 na nusu, kahawa ya kusaga gramu 150 na tangawizi iliyopondwa kipande cha kidole gumba. Moto mdogo dakika 15 hadi 20, kisha iache itulie dakika 5 machicha yashuke. Inatoka vikombe 36 vile vidogo, vitatu kwa kila mmoja. Sukari haitiwi, kashata zinafanya kazi hiyo, nunua 30. Birika likae juu ya makaa yaliyofifia, maana kahawa ikichemka mara ya pili inakuwa chungu ya majivu. Wali au biriani usipike. Mwenye shibe hana hoja.

Jambo moja la sheria lisikwepwe. Hapa tunazungumza, hatuonyeshi. Kuonyesha tamthilia ya watu hadharani, tena kwa kiingilio, ni suala la haki miliki linalosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na maonyesho ya filamu yana Bodi ya Filamu. Baraza la watu waliotazama kila mmoja kwake halina haja ya projekta wala spika, na ni heri hivyo, kwa sababu kipande kikishaanza kuchezwa hakuna anayezungumza tena. Na watoto wasiwepo. Tamthilia nyingi za aina hii ni za watu wazima, Game of Thrones ikiwa mbele yao, na mazungumzo yake yatagusa mambo ya watu wazima.

Daftari la madeni

Hapa ndipo kazi ilipo. Mengine yote yanaweza kwenda mrama kidogo na baraza likasimama, ila bila daftari hili watu watarudia "imenikera" na "imenifurahisha" hadi saa 4.

Tamthilia ndefu hukopa. Kila siri inayoanzishwa, kila utabiri, kila kiapo, kila upanga unaoonyeshwa kwa karibu halafu ukarudishwa alani, ni deni limeandikwa kama kwenye daftari la duka la mtaani. Mtazamaji ndiye mwenye duka. Ametoa saa zake kwa miaka akiamini atalipwa. Mwisho wa hadithi ndiyo siku ya hesabu, na hasira nyingi za watu ni hasira za mwenye kudai, ila hajui kutaja anachodai.

Daftari liandikwe kabla ya sehemu ya mwisho kutoka, au angalau kabla ya baraza. Wawili wanatosha, wenye kumbukumbu nzuri. Chukua karatasi ya manila, ipige mistari upate safu nne: deni lenyewe, lilipoandikwa (msimu na sehemu), lilivyolipwa, na alama. Andika kwa kalamu nene, herufi zenye urefu wa sentimita 2 hadi 3, zisomeke kutoka upande wa pili wa duara. Madeni yawe 12. Kila moja likipewa dakika 4 ni dakika 48, na ndiyo nafasi uliyonayo. Ukiandika 20 utakimbia, na utakuwa umefanya kosa lile lile mnalomlaumu nalo mtunzi.

Alama ni nne. L, limelipwa. N, nusu. S, limesamehewa: hadithi yenyewe iliona haiwezi au haitaki kulipa, ikasema hivyo mbele ya mtazamaji. P, limepotea: hakuna aliyelikumbuka. Tofauti ya S na P ndiyo yenye utamu. Mhusika akifa kabla hajatimiza kiapo, na wenzake wakasimama juu ya maiti wakakitaja kile kiapo, hiyo ni S. Akifa na kiapo kikafa kimya kimya, ni P. Watu hukasirikia P kuliko msiba wowote, hata kama wanadhani wanakasirikia msiba.

Chini ya manila acha nafasi ya majina. Watazamaji wetu huwaita wahusika kwa sifa: mama wa majoka, yule mfupi, yule kijana wa ukutani, yule mlemavu mwenye kuona mbali. Ni sawa kabisa, mradi kila sifa iwe imeandikwa kando ya jina lake mara moja. Kama haikuandikwa, baada ya nusu saa utakuta wawili wanabishana kwa nguvu zote kuhusu watu wawili tofauti.

TAHADHARI, hapa inatobolewa Game of Thrones. Chukua madeni matatu uone daftari linavyofanya kazi. La kwanza ni tishio la wafu wa kaskazini. Limeandikwa dakika za mwanzo kabisa za sehemu ya 1, kabla hata hatujajua nani ni nani. Limelipwa msimu wa 8 sehemu ya 3, Arya anapomuua mfalme wao, na bado kuna sehemu 3 mbele. Wengine wataweka L: Arya tumemwona akijifunza kuua tangu zamani. Wengine N: deni kubwa kuliko yote limelipwa katikati ya mwezi, halafu siku ya hesabu yenyewe tunazungumzia kiti cha enzi. La pili, nasaba ya Jon, yule kijana wa ukutani. Siri ililelewa tangu msimu wa 1, ikafunuliwa mwisho wa msimu wa 6, na mwishoni haikumpa ufalme. Je, ni P? Mwenye kutetea atasema siri ile ndiyo iliyomtia hofu Daenerys, mama wa majoka, kwa hiyo ilitumika. Wengi huishia N. La tatu, Bran, yule mlemavu mwenye kuona mbali, kuwa mfalme. Hili ni kinyume: ni malipo ambayo deni lake halionekani vizuri daftarini. Mwambie anayeupenda mwisho huo ataje sehemu tatu zilizouandaa. Akizitaja, ameshinda. Akishindwa, amejifunza kwa nini wenzake walishangaa.

TAHADHARI bado. Na mazungumzo yenyewe huenda hivi, mwendeshaji akiwa makini:

"Mwisho ovyo."

"Ovyo wapi, kaka?"

"Yule mama wa majoka kachoma mji."

"Kachoma sehemu ya 5. Kuchoma ndiko kulikokuudhi, au saa aliyochoma?"

"Aah... saa. Kengele zimelia, watu wameshasalimu amri, ndiyo anachoma."

"Kwa hiyo ungekubali achome kabla ya kengele?"

"Ningekubali. Ingekuwa vita."

"Karani, andika: kosa si kuchoma, kosa ni kwamba hatukuonyeshwa kilichobadilika baina ya kengele na moto. Shangazi, wewe uliona kilichobadilika?"

Maswali matatu yamegeuza neno moja la hasira kuwa hoja, na hoja hiyo Shangazi anaweza kuijibu. Mwendeshaji hakutoa maoni yake hata mara moja.

Kuliendesha

Kuna wanne wenye kazi. Mwendeshaji anauliza na kugawa zamu. Mshika saa anatumia simu na haoni haya kumkatiza mtu mzima. Karani anaandika hoja, si majina ya waliozitoa. Na mmoja anashika daftari la tarehe na namba, ili swali la "ilikuwa msimu wa ngapi" lisile dakika 5.

Fungua kwa "Paukwa!" wajibu "Pakawa!", hasa kama kuna wazee, wanacheka na duara linakuwa moja. Kisha raundi ya kwanza: kila mtu neno moja au sentensi moja, sekunde 30, bila sababu na bila kujibiwa. "Nimeudhika." "Nimelia." "Sikuelewa yule ndege alienda wapi." Lengo ni kila sauti isikike kabla mwenye sauti kubwa hajaweka hali ya hewa.

Hapa kuna jambo la adabu linalotaka uangalifu. Kwa desturi mkubwa huanza. Lakini babu akishasema "upuuzi mtupu", kijana gani wa miaka 20 atasimama kusema alilia? Muombe ruhusa kabla ya baraza, faragha, si mbele za watu: "Babu, shikamoo. Tunaomba leo watoto waanze, wewe utufungie." Karibu kila mara atakubali, na kufunga ni heshima kubwa kuliko kufungua.

Baada ya raundi hiyo ya dakika 7 au 8, ingia kwenye daftari. Soma deni, uliza alama, sikiliza pande mbili, karani aweke herufi. Mkikosa kuafikiana, ziandikwe herufi zote mbili na msonge mbele. Deni la 6 likiisha, pumziko la dakika 10, kahawa na kashata. Usipumzike katikati ya deni moto. Watu wataendelea nalo penye birika na wakirudi limeshachacha.

Wasiokuwepo, walio Dar es Salaam au Oman, watume sauti za dakika moja moja. Zisizidi 4, na mwendeshaji azisikilize zote mchana wake. Simu isiwekwe ndani ya sufuria ili isikike; sauti inapanda kweli, lakini maneno yanakuwa mwangwi mtupu. Ipitishwe karibu na duara, au atafutwe mwenye spika ndogo.

Yanayoharibu

Ubishi wa kiushabiki ndio unaotokea mara nyingi. Watu wanaacha hadithi, wanakuwa kama Coastal Union na African Sports: kila upande unatetea jezi. Dalili yake ni maneno "nyie" na "sisi". Ukisikia hivyo, simamisha, chagua mmoja kila upande, kila mmoja aeleze hoja ya mwenzake kwa dakika 2 mpaka mwenzake akiri, "Ndiyo, hicho ndicho nilichosema." Mara nyingi anayeeleza hucheka katikati, na moto unapoa.

Halafu yuko aliyesoma vitabu ambavyo tamthilia imetokana navyo. Anajua mengi na atataka kukata kila shauri kwa "kwenye kitabu siyo hivyo". Mpe dakika 3 zake rasmi, na kumbuka jambo hili: George R. R. Martin ametoa vitabu 5 vya mfululizo huo, cha kwanza 1996 na cha tano 2011, kati ya 7 alivyopanga. Mwisho wa vitabu kwa hiyo haupo wa kutolea hukumu. Anaweza kutueleza njia, hawezi kutueleza tulikofika.

Aliyetazama toleo la ma-DJ anataka uangalizi wa aina yake, na asidharauliwe. DJ mzuri hutia chumvi, hutia utani, na wakati mwingine humpa mhusika maneno ambayo hakuyasema. Matoleo mengine pia yamekatwa vipande. Mkibishana juu ya kauli, si tukio, uliza kwanza kila mmoja alisikia lugha gani. Zikitofautiana, tumieni tukio tu. Kauli ya DJ andikeni pembeni. Baadhi ni nzuri kuliko za asili, na hilo nalo ni la kuzungumzwa siku nyingine.

Aliyetazama vipande vya TikTok peke yake akadhani ametazama, huyu hutambulika raundi ya kwanza: anajua vifo vyote na hajui sababu ya hata kimoja. Mwacheni akae asikilize, kura asipige.

Lawama ya haraka huja kila baraza, na ijibiwe kwa namba. Misimu 6 ya mwanzo ya Game of Thrones ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja, wa 7 ukawa na 7, wa 8 ukawa na 6, jumla 73. Anayesema walikimbia ana ushahidi hapo. Anayekataa naye anao: sehemu 4 za mwisho zilikaribia dakika 80 kila moja. Upande mmoja ukitamba kwamba dunia nzima iliuchukia mwisho ule, kwa vile zaidi ya watu milioni 1 walitia sahihi mtandaoni kutaka msimu wa 8 utengenezwe upya, ukumbushwe kwamba msimu huo huo ulichukua tuzo ya Emmy ya tamthilia bora Septemba 2019. Namba hizi mbili zikae kwenye karatasi ya mshika kumbukumbu, zinanyamazisha pande zote kwa zamu. Kile kikombe cha kahawa kilichosahauliwa mezani katika sehemu ya 4 kitatajwa tu, hasa birika likipita. Dakika moja, mcheke, mrudi.

Atakuwepo pia wa kusema hadithi za majoka na uchawi hazifai. Asibezwe, wala baraza lisigeuke mhadhara. Mwelekeze nyumbani: Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani hapa Tanga mwaka 1909, alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea angani, na mwaka 1952 Adili na Nduguze, yenye majini na ndugu waliogeuzwa manyani. Hakuna aliyesema hazifai; tulipewa tuzisome shuleni. Na zinasaidia daftari. Kusadikika ina wajumbe 6 waliotumwa na wote wakarudi wakaadhibiwa. Ni deni zito linaloongezeka sura kwa sura. Siku ya hesabu, Karama, mshitakiwa wa hadithi ile, anaachiwa huru. Manyani wa Adili nao wanarudi kuwa watu. Ni L tupu ukurasa hadi ukurasa. Uliza baraza: je, tunawahukumu watunzi wa leo kwa sababu tulilelewa na hadithi zisizobakiza deni? Tenga dakika 10 kwa swali hili, baada ya deni la 12. Hapo wazee ndio wenye uwanja, na walioanza kimya huamka.

Kura

Bakuli tatu, zimeandikwa: IMENITOSHA, NUSU, IMENIUDHI. Zikae juu ya stuli nyuma ya kanga iliyotundikwa mlangoni, kwa sababu zikiwa wazi mtu wa tatu na kuendelea hufuata palipojaa. Kila anayefika, kabla hajakaa, anapewa punje moja ya kunde akaitumbukize anapotaka. Mwishoni, babu akishafunga, kila mtu anapewa punje moja ya hindi na kurudi nyuma ya kanga, bakuli zile zile. Kunde ni maoni ya kuingia, mahindi ni ya kutoka, na zikichanganyika ndani ya bakuli moja bado zinahesabika.

Kinachotafutwa ni tofauti baina ya punje hizo. Kunde na mahindi zikilingana kila bakuli, mlikuwa mnasemeshana tu. Daftari lilikuwa na madeni mepesi, au mwendeshaji aliuliza kidogo. Zikihama punje tatu nne kati ya 12, hasa kuelekea NUSU, watu wamesikilizana. Zikihama karibu zote kwenda bakuli moja, shuku: huenda mtu mmoja alizungumza mno.

Mhesabu kabla hata mmoja hajavaa viatu. Akishatoka wa kwanza, wa pili anamfuata wakiwa bado wanabishana kuhusu Jon, mahindi mawili yanabaki mfukoni, na hesabu haitimii tena. Manila ipigwe picha ikiwa bado ukutani, na birika lioshwe usiku ule ule, machicha yakikaukia ndani hayatoki.